Tuwafunze Watu Kulitambua Gugu Karoti Kabla Halijachanua

Msomaji, shamba lako lina mwenyewe. Gugu geni likiota kati ya mahindi yako utaliona leo au kesho, nawe utaling'oa bila kuambiwa na mtu. Lakini ukingo wa barabara ni wa nani? Na uwanja wa mnada wa ng'ombe, ukingo wa mto, na lile shimo la murram lililoachwa na mkandarasi? Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema kuwa barabara, mito na misitu ya serikali ni ardhi ya umma, yaani ni yetu sote. Hapo ndipo pana shida, kwa kuwa kitu cha watu wote mara nyingi hakina mtu wa kukitazama. Sheria humtaka mwenye ardhi aondoe magugu yaliyotangazwa kuwa mabaya, lakini gugu lenyewe halisomi sheria. Huanza barabarani, kisha huingia malishoni.

Kwa hiyo katika somo hili nataka kukueleza jinsi ya kuwafunza watu wa kujitolea, kumi au ishirini katika kata yako, walitambue gugu moja na kuleta habari zake ofisini. Nasema gugu moja kwa makusudi. Mtu akifunzwa magugu manane kwa siku moja, jioni atayachanganya yote.

Gugu lenyewe wataalamu huliita partheniamu. Ndugu zetu wa Tanzania huliita gugu karoti, na jina hilo ni zuri kwa sababu majani yake yamechanwachanwa kama ya karoti. Asili yake ni Amerika ya joto. Huko Bara Hindi lilianza kuonekana karibu na Pune katika miaka ya 1950, na leo limeenea karibu nchi nzima. Hapa Kenya limejulikana tangu miaka ya 1970, na mwaka 2010 serikali ililitangaza kuwa gugu baya. Tangu hapo limeonekana hata katika eneo la Masai Mara, ambako nyasi ni riziki ya ng'ombe na ya wanyama wa porini pia.

Ubaya wake ni nini? Kwanza, hufukuza nyasi. Mizizi na majani yake yana sumu inayozuia mbegu nyingine kuota, hata mahali palipokuwa na malisho mazuri pakabaki gugu tupu. Ng'ombe hawalipendi, lakini njaa ikiwashika hulila, na maziwa yao huwa machungu. Wakila kwa wingi huweza kufa. Pili, hudhuru watu. Wengi wakiligusa mara kwa mara hupata vipele na mwasho wa ngozi usiokwisha upesi, na chavua yake huwasumbua wenye pumu. Tatu, huzaa kupita kiasi. Mmea mmoja mkubwa waweza kutoa mbegu 15,000 au zaidi, tena waweza kuchanua wiki nne hadi nane tu baada ya kuota. Ukichelewa mwezi mmoja, kazi ya mtu mmoja imekuwa kazi ya kijiji.

Sasa tuje kwenye mafunzo. Usiwaketishe watu wako chini ya paa uwasomee karatasi. Mimi nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani wa kilimo, na naamini kuwa jani hujifunzwa kwa macho na kwa kulifananisha na jani jingine. Wapeleke barabarani asubuhi, mahali gugu linapojulikana kuwapo. Waoneshe mmea mchanga kwanza, si ule wenye maua. Kila mtu hupenda kuonesha maua kwa sababu ni rahisi kuyaona, lakini gugu lenye maua tayari limekushinda nusu ya vita.

Mmea mchanga hulala chini kama sahani, majani yakitandaa pande zote kutoka kitovu kimoja. Rangi yake ni kijani iliyopauka kidogo, na ukitazama kwa karibu utaona vinyweleo laini. Baadaye shina husimama, hutoa matawi mengi upande wa juu, na huweza kumpita mtoto wa shule kwa urefu. Shina hilo lina michirizi inayoteremka kutoka juu hadi chini. Watu wako waitazame vizuri. Maua ni meupe, madogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, nayo ni mengi mno. Kwa mbali mmea huonekana kana kwamba mtu amenyunyizia unga juu yake.

Kisha waoneshe mimea inayowadanganya watu. Wa kwanza ni kichoma mguu, ambao kila mtoto anaujua kwa vile mbegu zake hunasa katika nguo. Mbegu za gugu karoti hazinasi nguoni hivyo. Wa pili ni ule mmea wenye harufu kali ambao watu wengi wa milimani huuita mubangi. Finya jani lake na pua itakuambia mara moja. Tena maua yake ni membamba, ya manjano hafifu. Katika mimea hii miwili majani ya shinani hukaa mawili mawili, yakielekeana. Ya gugu karoti hupishana, moja huku na moja kule. Alama hii yafaa sana wakati mmea bado hauna maua lakini umekwisha kusimama.

Halafu fanya mtihani. Panga chini mimea kumi, yote isiyo na maua, kila mmoja na namba yake, mitatu au minne kati yake ikiwa gugu karoti. Ivae glavu mikononi unapoipanga. Kila mtu apite peke yake na kuandika namba anazodhani. Anayekosea arudi nyuma atazame tena, bila kuchekwa. Usishangae wachungaji na akina mama wazee wakiwashinda vijana waliomaliza kidato cha nne. Watu hao wametazama majani maisha yao yote, na mara nyingi ndio wa kwanza kusema, "Hili hatukuwa nalo zamani." Neno hilo liandike, pamoja na jina wanaloliita gugu kwa lugha yao, kwa maana jina hilo ndilo litakalotumika nyumbani.

Wapi watafute? Mbegu hizi husafiri kwa magari, matope, mchanga, majani makavu ya mifugo, mbegu chafu na maji ya mafuriko. Kwa hiyo mtu asizunguke ovyo ovyo. Atazame marundo ya murram na mchanga, maegesho ya malori, minada, madaraja, mahali greda lilipogeuzia, visima vya mifugo, na kando ya uwanja wa shule. Wakati mzuri ni wiki mbili au tatu baada ya mvua kuanza, na tena kila mvua inaporudi, maana gugu hili halina msimu mmoja; likipata unyevu huota.

Sasa nifike penye udhaifu wetu mkubwa, nao ni ripoti. Mimi ndiye ninayezipokea mezani, basi najua. Huja karatasi yenye maneno haya: "Kuna majani mabaya karibu na mto." Mto upi? Upande upi? Mengi au machache? Afisa hawezi kupanda pikipiki kwa habari kama hiyo. Ripoti nzuri huwa fupi lakini huwa na mambo yote. Nitakupa mfano wa kubuni: "Tarehe 14 Aprili. Barabara ya kutoka mnadani kwenda shule ya msingi. Ukivuka daraja, hatua 60 mbele, mkono wa kushoto, penye rundo la murram. Mimea kama 35, haijachanua. Sikung'oa." Mtu akisoma hayo aweza kufika hata usiku.

Mimea ikiwa chini ya mia moja, ihesabiwe. Ikizidi, apime mahali penyewe kwa hatua, urefu na upana. Aliye na simu ya kamera apige picha mbili, moja ya mmea kwa karibu na kalamu ikiwa pembeni ili ukubwa ujulikane, na moja ya mahali, ikionesha daraja au mti au jengo. Na akitembea kipande chake chote asilione gugu, aandike "hakuna" pamoja na tarehe. Watu wengi hudhani kwamba hiyo si habari. Ni habari kubwa, kwa sababu likionekana mwezi ujao tutajua kuwa limefika juzi tu, nalo laweza kumalizwa.

Ripoti apelekewe afisa wa kilimo wa wadi, na nakala kwa chifu au naibu wake. Afisa ndiye atakayethibitisha na kuzungumza na wanaosimamia ardhi ile, iwe ni barabara au msitu. Mtu wa kujitolea asipige dawa wala asichome moto kwa shauri lake mwenyewe. Kung'oa huruhusiwa akiisha kuambiwa, na huwa na masharti yake: udongo uwe na unyevu ili mzizi utoke wote, kwa maana likikatwa juu juu huchipuka tena, liwe halijachanua, na mikono, miguu na pua vifunikwe. Mwenye pumu au ngozi nyepesi kudhurika awe mwandishi tu. Wala mtu asibebe mmea wenye maua kuuleta ofisini. Wako wanaokuja nao kwa basi, kwa nia njema kabisa, wakimwaga mbegu njia nzima.

Kama kuna mtu anadhani nasumbua watu kwa jani dogo, akumbuke mti wa mathenge. Uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutoa kuni, na kwa muda ulionekana kuwa baraka. Mifugo ikala maganda yake na kutawanya mbegu kila ilipopita, mpaka malisho yakageuka vichaka vya miiba, na mwaka 2006 wenyeji wakaenda mahakamani Nairobi kuilalamikia serikali. Mti ulitangazwa kuwa gugu baya mwaka 2008, miaka zaidi ya ishirini baada ya kupandwa. Wachungaji walikuwa wameona mapema. Hapakuwa na daftari la kuandikia walichokiona.

Mafunzo yakiisha, mgawie kila mtu kipande chake cha kutazama, kisichozidi mwendo wa saa moja kwa miguu, na ikiwezekana kiwe njia anayopita kila siku. Afisa naye amrudishie jibu kila aliyeleta ripoti, hata kama lilikuwa kosa na mmea ulikuwa kichoma mguu. Asiyejibiwa mara mbili haleti ya tatu. Siku ya kwanza kila mtu aje na daftari dogo, nguo ya mikono mirefu, na kalamu ya risasi, si ya wino, kwa kuwa mvua ikinyesha wino huyeyuka na namba hazisomeki tena.