Kuvuna mpunga Uwanda wa Ruzizi: ukitaka kwenda, nenda hivi

Sisi wa Uvira, mashariki mwa Kongo, tumelelewa na mchele wa Sange na ndagala za Ziwa Tanganyika, lakini wengi wetu hatujawahi kukanyaga shamba lenyewe. Mimi nilikuwa mtu mzima kabisa nilipolala kule mara ya kwanza. Tangu hapo nimerudi karibu kila mavuno, na wenzangu hawaishi kuniuliza wafanyeje ili nao waende.

Usalama kwanza. Safari zangu zilikuwa kabla ya Desemba 2025, vita viliposhuka uwandani hadi Uvira mjini. Usiondoke kwa kutegemea maneno yangu. Mpigie simu mtu anayelala kule, umuulize barabara ya leo, si ya juzi.

Njia ni ile Barabara ya Taifa namba 5, kutoka Uvira, mtaa wa Kavimvira, kwenda kaskazini, milima ikiwa kushoto, mto Ruzizi na Burundi kulia. Utapita Kiliba, ambako kiwanda cha sukari kilinyamazishwa na vita vya 1996, halafu Sange, Luberizi na Luvungi. Sange ndipo lori la mafuta lilipopinduka na kulipuka tarehe 2 Julai 2010, wakafa watu zaidi ya 230. Wakikusimulia, tulia usikilize. Usianze wewe kuuliza.

Kijijini, mguu wa kwanza ni kwa chefu. Mweleze umetoka wapi, umekuja kwa nani, utalala siku ngapi. Wengi pale ni Bafuliiru, na ukijifunza hata salamu moja ya Kifuliiru kabla ya kufika, utapewa kiti haraka zaidi. Simu ya kupigia picha ikae mfukoni mpaka mwenye shamba aruhusu.

Mimi huchagua Juni, mvua zikiwa zimekatika. Vaa mikono mirefu, maana makapi ya mpunga yanawasha shingo siku nzima. Maji ya mfereji usiyaingie ovyo, kuna kichocho. Ya kunywa yachemshwe, kipindupindu ni jirani yetu wa miaka mingi.

Na ukifika, omba kazi. Mgeni anayesimama kando na kutazama huachwa hapo hapo kando. Mimi nilipewa mundu, nikafunga miganda, mchana nikaingia kwenye kupiga: unashika mganda kwa mikono miwili, unaupiga kwenye pipa, punje zinaruka kama mvua ya mawe. Baada ya nusu saa mabega yangu yalikuwa yamekwisha. Akina mama waliokuwa wakipepeta kwa ungo tangu asubuhi hawakuwa wamekaa chini hata mara moja.

Kazi iliyonifundisha zaidi ni kuanika. Nilidhani ni kumwaga mpunga kwenye turubai na kwenda zako. Kumbe ukikauka haraka mno kwenye jua kali, punje hupasuka ndani, na mashine ya kukoboa inakurudishia chenga. Mama mwenyeji wangu aliugeuza kwa miguu, mstari kwa mstari, halafu akaokota punje moja akaing'ata. Akanipa nyingine. Ilikuwa bado laini kidogo. “Bado, mwanangu. Na usiukanyage pembeni pale, hiyo ni minervali ya shule ya wadogo zako.”

Jioni tulikula bugali na sombe, ndagala juu yake, na hapo ndipo niliposikia hesabu. Msimu wa kupanda mama mwenyeji wangu alikopa pesa ya mbolea na vibarua, akaahidi kulipa kwa magunia. Deni lilipigiwa bei ya wakati wa mavuno, mpunga unapokuwa umejaa kila mahali na thamani yake iko chini kabisa. Magunia matatu niliyomsaidia kuanika hayakuwa yake tena. Miezi michache baadaye mchele ule ule unauzwa mjini ghali, na faida haimfikii aliyeinama matopeni. Hilo ni dhuluma, hata kama kila mtu amelizoea.

Kwa hiyo usirudi mikono mitupu. Nunua mpunga kwa aliyekulaza, pale pale uani, kwa bei aliyoitaja yeye, umlipe taslimu kabla gunia halijapanda pikipiki. Na kama una uwezo, mwachie pesa ya gunia la msimu ujao mapema, bila kumwekea nyongeza.