Hesabu ya Kujifunza: Mluzi wa Mchungaji na Picha ya Kitabuni

Mchungaji wa Shinyanga apigapo mluzi kila mara kabla ya kuwapa ng'ombe wake chumvi, haupiti muda mrefu ng'ombe huja mbio kwa mluzi peke yake. Mtu aliyekulia Usukumani hahitaji kuthibitishiwa jambo hili. Ivan Pavlov wa Urusi alilichunguza kwa mbwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limelitumia tangu mwaka 2000 kuwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kwanza panya hujifunza kuwa mlio wa kifaa kidogo cha mkononi huleta chakula. Ndipo mlio huo hutumiwa kumjulisha kwamba amenusa sawasawa.

Je, mafunzo hayo huongezeka kwa kiasi gani kila mara? Mwaka 1972 Robert Rescorla na Allan Wagner wa Marekani walitoa kanuni ya hesabu. Kwa ufupi, mnyama hujifunza kwa kadiri anavyoshangazwa. Hutafutwa tofauti baina ya kilichotokea na kile alichotazamia, kisha sehemu fulani ya tofauti hiyo huongezwa katika mafunzo yake.

Tuseme mafunzo kamili ni 100, na sehemu hiyo ni nusu. Siku ya kwanza ng'ombe hatazamii lolote, hivyo apata 50. Siku ya pili imebaki 50. Apata 25, jumla 75. Siku ya tatu apata 12½, jumla 87½. Wanachuo waiendeleze ubaoni hadi siku ya sita, wachore na mstari wake. (Kompyuta yaweza kuirudia mara elfu, lakini chaki yatosha.)

Utamu wa kanuni hii waonekana viashirio viwapo viwili. Tuseme mbwa aishiye karibu na mgodi wa Geita amekwisha kujua, kwa kiasi cha 87½, kwamba king'ora hufuatwa na mshindo wa baruti. Sasa taa yawashwa pamoja na king'ora. Kilichobaki kujifunza ni 12½ tu. Taa yapata nusu yake, 6¼. Kama taa na king'ora vingalianza pamoja, taa ingalipata 50. Leon Kamin alikwisha kuiona hali hii kwa panya wa maabara mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hapa ndipo mwalimu wa Darasa la I hana budi kusimama na kufikiri. Mtoto aonyeshwaye neno «ng'ombe» chini ya picha ya ng'ombe hutamka sawasawa, nasi twampongeza. Lakini picha ilikwisha kumwambia yote. Herufi hazikubakiziwa kitu. Neno hilo hilo likiandikwa ubaoni bila picha, mtoto anyamaza, naye huitwa mzito wa kuelewa! Yafaa neno litangulie, mtoto ajaribu kulisoma, ndipo picha ifunuliwe.

Kanuni hii ina kasoro. Yasema kwamba mluzi usipofuatwa na chumvi mafunzo hufutika, kwa hesabu ile ile. Hata hivyo Pavlov aliona mwitikio uliokwisha kufifia ukirudi baada ya mapumziko. Basi mwalimu aliyeiacha fimbo katika kipindi cha hesabu asidhani ameshindwa iwapo hofu ya watoto yarudi baada ya likizo.