Bunduki inayojikoki

Katika zoezi la tafsiri nilipewa maelezo ya Kifaransa kuhusu M1 Garand, bunduki ambayo jeshi la Marekani liliichagua mwaka 1936. Penye “fusil semi-automatique” nikaandika “bunduki nusu rashasha”. Mwalimu akaniuliza: ukifyatua mara moja, zinatoka risasi ngapi? Moja tu. Basi rashasha iko wapi?

Ikabidi nielewe kwanza chuma chenyewe. Springfield ya 1903, mojawapo ya bunduki walizobeba katika Vita Kuu ya Kwanza, askari aliikoki kwa mkono baada ya kila risasi. Katika Garand, gesi ya baruti ndiyo inayosukuma komeo nyuma: ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia, hadi zote 8 ziishe. Lakini kila risasi inadai kidole kivute upya. Rashasha ni ile Browning ya 1918. Ukishikilia kidole, risasi zake 20 zinatoka mfululizo.

Nikaandika “bunduki inayojikoki”. Mwenzangu anapendelea “inayojijaza”. Nimekataa: zile 8 askari huzijaza mwenyewe, zikiwa zimebanwa pamoja katika kibanio cha chuma.