Somo la Kikundi: Barabara Ilikuwapo

Katika vikundi vyetu hapa Chuno hoja ya barabara huamsha hata aliyesinzia. Mmoja husema serikali ijenge barabara kuu kwanza, mengine yatafuata. Mwingine hujibu kwamba lami haimbebi mtu asiye na nauli. Robo hii tumeona tulifanye jambo hili kuwa somo.

Tuanzie Luka 10, habari ya Msamaria mwema. Angalieni jambo moja ambalo ni rahisi kulipita: barabara ya kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ilikuwapo. Kuhani aliipita, Mlawi aliipita. Majeruhi alikosa mnyama wa kumbeba na mtu wa kulipa gharama. Msamaria alitoa vyote viwili.

Sisi watu wa kusini hatuhitaji kufundishwa thamani ya barabara. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, abiria wa Dar es Salaam walisubiri kivuko mto Rufiji, na masika safari ilihesabiwa kwa siku. Asije mtu akatuambia lami ni anasa! Lakini tuliwahi pia kuwa na reli, Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulipokufa reli ikakosa mzigo, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara ya Lindi–Dar es Salaam huko Somanga, mabasi yalikwama, na hapakuwa na treni ya kukimbilia.

Tutazame na Dar es Salaam, barabara ya Morogoro. Kimara hadi Kivukoni mabasi yaendayo haraka yalianza kazi Mei 2016. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha, barabara ilipanuliwa kuwa ya njia nane, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kuipisha. Upande wa mabasi nako, njia ilijengwa vizuri, lakini kwa miaka mingi abiria wamelalamikia uchache wa mabasi yenyewe.

Sasa, nani analipa? Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Mama anayepanda bodaboda kutoka Chuno kwenda hospitali ya Ligula hasimami kwenye pampu, lakini tozo imo ndani ya nauli yake. Amechangia barabara, basi hajanunuliwa. Ana haki ya kuuliza.

Maoni yetu ni haya: pasipopitika, barabara kwanza. Penye lami tayari, shilingi inayofuata imbebe mtu.

Zoezi: kwa wiki moja kila mwanakikundi aandike safari zake, alikokwenda, alichopanda, nauli, na muda aliosubiri. Wanafunzi na wenye ulemavu waandikiwe karatasi zao. Zikusanywe na kupelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa na diwani kabla bajeti ya halmashauri haijapitishwa. Tulipojaribu wenyewe, wanaume wengi walirudisha nusu ukurasa. Akina mama waliomba karatasi ya pili, basi andaeni za kutosha.