Transfoma Nzito: Msiuze kwa Kilo Kabla ya Kuijua



Hoteli ya Diani ikifanyiwa ukarabati, au ofisi ikibadilisha vyombo, vitu vya zamani hutolewa stoo vikauzwa kwa bei ya kutupa. Kikundi kimoja upande wa Msambweni kilipata mzigo wa namna hiyo: amplifaya mbovu za ukumbini, yupiesi (kile kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) na stebilaiza kadhaa. Ndani yake mlikuwa na transfoma nzito. Mbili waliziuza kwa kilo, kama chuma chakavu. Baadaye fundi redio wa Ukunda alituambia kwamba moja kati ya hizo alikuwa akiitafuta kwa miezi. Basi tukaona hapa pana somo.

Nani anaitaka?

Wako mafundi na vijana wanaojiundia amplifaya wenyewe, wengine kwa kukodisha harusini, wengine kwa kujifunza tu. Transista na bodi si ghali sana. Kinachowashinda ni transfoma, maana ni chuma na shaba tupu. Kazi yake ni kuushusha umeme wa ukutani, volti 240, ufike volti ambazo amplifaya inaweza kutumia, kwa mfano 25 au 35. Mnunuzi huyu halipii uzito. Analipia kazi.

Jueni mlicho nacho

1. *Ya amplifaya ya zamani.* Hii ndiyo inayofaa zaidi. Nyingi zina nyaya tatu upande wa kutolea: mbili za pembeni zenye volti sawa na moja ya katikati. Bamba likiandikwa 35-0-35, maana yake ndiyo hiyo. Nyingine ni za duara na zina tundu katikati, kama kata ya kubebea ndoo.

2. *Ya yupiesi.* Hutoa volti chache, na nyingi zimeundwa kufanya kazi kwa muda mfupi. Ikitumika usiku kucha hupata joto kali. Mnunuzi aambiwe mapema.

3. *Ya stebilaiza.* Hapa tuwe macho! Nyingi zina koili moja tu, inayotumika kuingiza na kutoa. Umeme wa ukutani haujatenganishwa na chombo. Ikifungwa kwenye amplifaya, anayeshika maikrofoni anaweza kufa. Hata zile za kushusha volti 240 kuwa 110, nyingi ni za namna hii.

Namna ya kutambua: transfoma ikiwa imetolewa kabisa kwenye umeme na kwenye chombo chake, fundi apime kwa mita kati ya waya wa kuingiza na waya wa kutoa. Mita ikionyesha njia, ni koili moja. Msiiuze kwa kazi ya amplifaya, hata mtu akiwabembeleza. Apime pia kati ya kila koili na chuma. Hapo pasiwe na njia kabisa.

Kupima

Pwani yetu ina chumvi na unyevu, kwa hiyo ianikeni kwanza ikauke vizuri. Anayefungua amplifaya awe fundi, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hata plagi ikiwa nje. Fundi aipitishie umeme kupitia balbu ya waya ya wati 100 (balbu ya LED haifai), na upande wa kutolea usifungwe kitu. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kuendelea, transfoma ina hitilafu. Ikififia au kuzima, ni dalili njema. Kisha apime volti, naye katibu aziandike kwenye kibandiko.

Nguvu yake ni volti mara ampia. Bamba likisema volti 30 na ampia 5, basi 30 × 5 = VA 150.

Bei na karatasi

Tuseme chakavu ingewapa shilingi 300, fundi anataka 100, na nauli ya matatu hadi Likoni ni 150. Jumla ni 550. Mkiuza chini ya hapo, heri mngeiuza kwa kilo. Ulizeni mafundi wawili kabla ya kutaja bei.

La mwisho ndilo zito. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka, nchi ikakaa gizani, na Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku iliondolewa mwaka uo huo, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ingalipo, na mfanyabiashara wa chakavu lazima awe na leseni. Kwa hiyo ombeni barua au risiti kwa aliyewapa mzigo, na mpeni mnunuzi risiti yenu. Transfoma ya nguzoni msiiguse wala msiinunue. Ikiibwa, kijiji kizima na zahanati yake hulala gizani. Mafuta yake nayo si ya kupikia wala ya kupaka kidonda, ni sumu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika stoo zetu mna nini ambacho hatujakipima?
2. Nani kati yetu, au fundi gani jirani, anaweza kutupimia?
3. Kijana akitaka ile ya koili moja na pesa anazo mkononi, tutamjibuje?