NYUZI ZA KIJANI NDANI YA DUMU



Chungulia ndani ya dumu lako la maji. Je, unaona utelezi wa kijani, au nyuzi laini kama nywele? Usizidharau. Tujifunze pamoja.

NI KITU GANI?
Ni mwani wa maji baridi. Hauna mizizi, shina wala majani. Kila uzi ni chembe hai ndogo sana zilizofuatana kama shanga. Aina moja inayojulikana sana ni Spirogira. Ukiishika inateleza kama ute. Mwani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo maana humea katika madimbwi, kwenye mitaro ya bombani, na ndani ya madumu meupe yanayoachwa juani.

JE, UNALETA UGONJWA?
Nyuzi hizi zenyewe hazileti kipindupindu. Ubaya wake uko kwingine. Maji ya bombani hutiwa klorini ili iendelee kuua vijidudu hata yakifika nyumbani. Uchafu ulio ndani ya dumu, pamoja na mwani, huimaliza klorini hiyo. Baadaye mkono mchafu ukigusa maji, vijidudu havina cha kuviua, tena hujificha katika utelezi. Maji yalitoka bombani yakiwa salama. Yanamfikia mtoto yakiwa hatari. Tukumbuke Goma, Julai 1994: kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua makumi ya maelfu ya wakimbizi.

OSHA DUMU HIVI, KILA WIKI
1. Tia maji kidogo, sabuni, na changarawe safi kiasi cha kiganja kimoja.
2. Funga kifuniko, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi wote ubanduke.
3. Mwaga vyote, kisha suuza mara tatu kwa maji ya bombani.
4. Weka dumu kivulini, likiwa limefungwa.

BOMBA LIKIKAUKA
Ukilazimika kuteka maji bondeni, usichote penye nyuzi za kijani. Chuja kwa kitenge kikuukuu kilicho safi, ukikikunja mara nne. Kisha chemsha mpaka yatokote. Kuchuja peke yake hakutoshi.

JIULIZE
Dumu langu liliooshwa lini? Linakaa juani au kivulini? Nani hutumbukiza kikombe ndani ya maji?

Mfundishe na jirani yako. Usipoelewa, muulize mhamasishaji wa afya wa eneo lako.