Sukari na Heshima ya Mgeni



Somo letu la leo ni juu ya jambo lililo dogo machoni na kubwa kwa matokeo yake, nalo ni kijiko cha sukari. Huenda msomaji akastaajabu kuona darasa limeacha masuala mazito likaingia jikoni. Asistaajabu. Maradhi ya kisukari hayabishi hodi kwa kishindo. Aghalabu huingia kimya kimya, hukaa miaka bila ya kujulikana, na siku yajulikanapo huenda yamekwisha kudhuru macho, au mafigo, au miguu.

Nilikuwa na ami yangu aliyekuwa na maradhi haya. Nyumbani kwake alijizuia kama alivyoamrishwa na daktari. Lakini mtu wa miji yetu hakai nyumbani peke yake. Siku ya Idi alipita nyumba kwa nyumba kuwatazama jamaa, na kila nyumba aliwekewa kikombe cha chai iliyokwisha kutiwa sukari tangu jikoni, na sahani ya kaimati zilizoloa shira. Akikataa huambiwa, "Ami, chakula chetu wakikimbia?" au, "Kidogo tu, leo ni sikukuu." Naye kwa haya yake alikunywa. Mimi pia nimemwekea kikombe hicho kwa mkono wangu, nikajiona kijana mwenye adabu. Baadaye alipata kidonda kidogo cha kidole cha mguu, wala hakukihisi, kwani maradhi yalikuwa yamekwisha kuzifisha hisia za nyayo zake. Kidonda kilikataa kupona, na mguu ukakatwa.

Sisemi kwamba kikombe changu ndicho kilichomkata mguu. Maradhi haya yana sababu nyingi. Lakini nasema kwamba sisi jamaa zake hatukumsaidia: tulimheshimu kwa kitu alichokatazwa, tukamwachia yeye peke yake taabu ya kukataa.

1. Namna sukari ifanyavyo kazi mwilini

Sukari tulayo, na wanga wa wali na mkate pia, hugeuka kuwa sukari ya damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, na kazi ya insulini ni kuifungulia sukari hiyo njia iingie katika chembe za mwili ili itumike. Mtu azidishapo vinywaji na vyakula vitamu kila siku, aghalabu hunenepa, hasa tumboni. Na unene huo huufanya mwili usiitii insulini kama ipasavyo. Kongosho hulazimika kuongeza kazi, hata likashindwa. Hapo sukari hubaki katika damu, na kwa muda wa miaka huiharibu mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Wala haifai kumdhania kila mgonjwa kuwa ameyaleta maradhi kwa ulafi. Iko aina ya kisukari inayowashika hata watoto wadogo, nayo haitokani na kula sukari. Na katika aina iliyo mashuhuri zaidi, urithi wa ukoo nao una sehemu yake. Basi mgonjwa asilaumiwe, bali asaidiwe.

2. Kipimo

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari inayotiwa katika chakula, pamoja na asali, shira na maji ya matunda, isifikie sehemu moja katika kumi ya nguvu zote mtu azipatazo katika chakula. Na ikiwa chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Kwa mtu mzima alaye kalori 2,000 kwa siku, kipimo cha kwanza ni gramu 50, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Na hicho kilicho bora ni gramu 25, yaani vijiko 6.

Sasa natuhesabu. Mtu anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, amekwisha kula vijiko 9, takriban gramu 36. Akinywa na chupa moja ya soda ya mililita 300, ameongeza gramu 30 hivi. Amekwisha kupita mpaka, na bado hatujahesabu mahamri, wala kaimati, wala tambi za sukari. Na ile chai yake peke yake, kwa mwaka mmoja, ni zaidi ya kilo 13 za sukari. Lau angewekewa kilo hizo mbele yake akaambiwa azile, angekimbia. Lakini zikija kijiko kijiko, hazionekani.

3. Hoja na majibu yake

Wako wasemao: "Kumpa mgeni chai isiyo tamu ni ubahili, nasi tumewakuta wazee wetu wakikirimu." Ni kweli kwamba wazee wetu walikirimu, lakini ukarimu wao haukuwa sukari. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika Mogadishu mwaka 1331 akaeleza alivyokaribishwa. Aliletewa tambuu na popoo, na akamiminiwa marashi ya waridi. Kisha kikaja chakula: wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari za ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Katika sinia lote hilo hakutaja kitu kilichotiwa sukari, wala hakulalamika kwamba hakuheshimiwa.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Ile kahawa chungu inayouzwa kwa dele barazani, ni nani kati yetu aiitaye ubahili? Watu wazima huinywa chungu, wakazungumza, wakacheka, na heshima ikatimia. Basi sisi twajua tangu zamani kwamba kinywaji chaweza kuwa cha heshima bila ya kuwa kitamu.

Wengine husema: "Mimi situmii sukari nyeupe, natumia asali," au "natumia sukari guru." Jawabu ni kwamba mwili hauangalii rangi. Asali ina manufaa yake, lakini vijiko vitatu vya asali katika kikombe ni sukari pia, na sukari guru ni sukari ya miwa isiyosafishwa. Ama tunda zima si sawa na maji yake, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Tende nayo ni tamu mno; tende tatu za kufuturia ni jambo moja, na sahani nzima ni jambo jingine.

Na wengine husema: "Chai bila ya sukari hainyweki." Hili ni neno la ulimi, na ulimi hufunzika. Mtu apunguzaye kidogo kidogo, baada ya wiki kadhaa, akionjeshwa chai yake ya zamani huiona kama shira.

4. Njia ya kufuata

Kwanza, na hili ndilo kubwa la somo letu: sukari iondoke katika birika ikae katika bakuli. Chai ipikwe na iletwe bila ya sukari, na bakuli la sukari na kijiko viwekwe juu ya sinia. Kila mtu ajitilie kadiri yake. Kwa njia hii mgonjwa hapati taabu ya kukataa, wala hana haja ya kutangaza maradhi yake mbele ya watu. Na atakaye utamu hakunyimwa.

Pili, apunguzaye asikate kwa siku moja akashindwa siku ya tatu. Atoe nusu kijiko katika kila kikombe, akae siku kumi, kisha atoe nusu nyingine. Iliki, mdalasini na tangawizi zitaipa chai ladha yake.

Tatu, soda isiwe maji ya kunywa. Iondoke katika chakula cha kila siku, na watoto wazoeshwe maji tangu wadogo, kwani ulimi wa mtoto hushika lile ulilolelewa nalo.

Nne, katika mwezi wa Ramadhani, mwezi wa kujizuia, sinia la futari lisiwe na vitamu vya aina nne kwa pamoja. Kitamu kimoja chatosha. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuacha nafasi tumboni kwa maji na kwa pumzi, nasi twaijaza nafasi hiyo kwa shira, kisha twalalamika kwamba tarawehe ni nzito.

Tano, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asibadili chakula chake ghafula wala asifunge bila ya kushauriana na daktari wake, kwani sukari ya damu ikishuka mno nayo huua. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, ilhali ana fahamu na aweza kumeza, apewe kitu kitamu upesi. Hapo sukari ni dawa, na hakuna wa kumlaumu.

Ndugu msomaji, hatukusudii kuharamisha kilicho halali, wala kuifuta halwa katika harusi zetu. Jambo la sikukuu na libaki la sikukuu. Tunalolikataa ni kuifanya kila siku kuwa sikukuu ya ulimi, na kumlazimisha mgeni kwa jina la adabu. Ami yangu sasa ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nyumbani kwetu bakuli la sukari limekuwa juu ya sinia tangu mwaka aliokatwa mguu, na mpaka leo hajatokea mgeni aliyetuita mabahili. Wengi huliangalia lile bakuli, wakatia kijiko kimoja, au wasitie kabisa. Nami hujiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wakinywa kwa haya.

Wabillahi tawfiq.